Jina la Tovuti ni Mali ya Kikundi: Namna ya Kumchagua Msajili

Kikundi kinapofungua akaunti ya benki, hakuna mwanachama anayekubali akaunti hiyo iandikwe kwa jina la kijana aliyetumwa mjini kuchukua fomu. Akaunti huwa ya kikundi, na wenye kutia sahihi ni mwenyekiti, katibu na mweka hazina. Lakini kikundi hicho hicho kikitaka tovuti, mara nyingi kazi yote huachiwa mtu mmoja. Anasajili jina kwa barua pepe yake, analipa kwa simu yake, na nywila inabaki kichwani mwake. Miaka miwili baadaye amepata kazi Mombasa au Qatar, laini ya simu imebadilika, na tovuti haifunguki.

Hasara yake si ndogo. Anwani ya tovuti huwa imekwisha kuchapishwa kwenye kibao kando ya bwawa la mchanga, kwenye maboksi ya maembe na kwenye barua za kuomba ufadhili. Mnunuzi au mfadhili anayeiandika kwenye simu anakutana na ukurasa mtupu, au na matangazo ya kamari ya mtu asiyejulikana.

Ukambani umezoea kazi ya pamoja. Kwa mwethya, wakazi wa Machakos wamechimba matuta ya kuzuia mmomonyoko wa udongo na kujenga mabwawa mtoni. Siku hizi vikundi vya kina mama, vijana, wakulima, wasukaji wa vyondo na wachongaji wa vinyago vinahitaji kuonekana hata na mtu aliye mbali na kaunti. Makala haya yanaeleza jina la tovuti husajiliwa vipi, na mambo ambayo kikundi kinapaswa kuyachunguza kabla ya kumlipa msajili.

Nani ni nani katika usajili

Jina la tovuti, ambalo kitaalamu huitwa jina la kikoa na wengi hulitaja kama domeni, ni yale maneno mtu anayoandika ili kufikia tovuti. Kompyuta zenyewe hutambuana kwa nambari. Mfumo wa kubadilisha majina kuwa nambari ulibuniwa mwaka 1983 na Mmarekani Paul Mockapetris, kwa sababu binadamu hukumbuka majina kuliko nambari ndefu.

Pande tatu huhusika. Wa kwanza ni mtunza daftari, yaani shirika linaloweka orodha kuu ya majina yote yenye mwisho fulani. Kwa majina yanayoishia na .ke, kazi hiyo hufanywa na Kenya Network Information Centre, maarufu kama KeNIC, iliyokabidhiwa jukumu hilo mwaka 2002. Wa pili ni msajili, kampuni iliyoidhinishwa kuwauzia watu majina na kuyaingiza katika daftari hilo. Wa tatu ni mwenye jina, ambaye kwa habari hii ni kikundi.

Mwenye jina hanunui jina likawa lake milele. Analipia haki ya kulitumia kwa muda, kwa kawaida mwaka mmoja au zaidi, na muda ukiisha hulipia tena. Majina hutolewa kwa utaratibu wa anayetangulia kuomba ndiye anayepata.

Jambo hili lisichanganywe na usajili wa kikundi chenyewe. Chini ya Sheria ya Usajili wa Vikundi vya Jamii ya mwaka 2022, vikundi husajiliwa na idara ya maendeleo ya jamii ya serikali ya kitaifa, na cheti hutolewa. Cheti hicho hakihifadhi jina la tovuti. Vivyo hivyo, kusajili jina la tovuti hakukipi kikundi uhalali mbele ya sheria. Hizo ni njia mbili tofauti, na kikundi kinahitaji kuzipitia zote mbili.

Mwisho wa jina una maana

Kabla ya kumtafuta msajili, kikundi kikubaliane jina litaishia na nini, kwani si kila msajili anauza kila aina.

Mwisho wa .or.ke ulikusudiwa mashirika yasiyolenga faida, na ndio unaovifaa vikundi vingi vya kijamii. Mwisho wa .co.ke ni wa biashara. Unakifaa kikundi ambacho kazi yake kubwa ni kuuza bidhaa. Shule za msingi na za upili zina .sc.ke, na vyuo vina .ac.ke. Mwisho wa .go.ke ni wa serikali pekee, kama inavyoonekana katika anwani ya kaunti hii, machakos.go.ke. Aina hizi tatu za mwisho hazitolewi bila stakabadhi za kuthibitisha kwamba mwombaji ni taasisi ya aina hiyo. Tangu mwaka 2017, mtu anaweza pia kusajili jina fupi linaloishia na .ke tu.

Upo pia mwisho wa kimataifa wa .org, unaotumiwa na mashirika ya hisani duniani kote. Daftari lake hutunzwa na Public Interest Registry, shirika la Marekani. Mwaka 2019 lilitangazwa pendekezo la kuliuza shirika hilo kwa kampuni ya uwekezaji ya Ethos Capital, kwa zaidi ya dola bilioni 1.1. Mashirika mengi yasiyo ya faida yalipinga, yakihofia ada kupanda. Tarehe 30 Aprili 2020, ICANN, taasisi inayosimamia majina ya intaneti duniani, ilikataa uuzaji huo. Kisa hicho kinaonyesha kwamba hata mwisho wa jina una mwenyewe anayeweka masharti, na kwamba aliye mbali ni vigumu kumfikia.

Kwa kikundi cha Machakos, .or.ke au .co.ke ina faida ya wazi: mgeni anajua mara moja kwamba kikundi ni cha Kenya, na mzozo ukitokea kuna taratibu za humu nchini za kuutatua. Kikundi chenye wafadhili wengi wa ng'ambo kinaweza kusajili pia .org na kuielekeza kwenye tovuti ile ile, mradi kiweze kulipia majina yote mawili kila mwaka.

Jina liwe fupi na rahisi kutamkwa kwenye simu. Jina lenye vistari na nambari hukosewa. Mwanachama alisome kwa sauti mkutanoni, na wengine waliandike bila kuonyeshwa. Wengi wakilikosea, litafutwe lingine.

Je, msajili ameidhinishwa?

Swali la kwanza kwa yeyote anayeuza jina la .ke ni kama ameidhinishwa na KeNIC. Orodha ya wasajili walioidhinishwa ipo kwenye tovuti ya KeNIC, kenic.or.ke, na kuitazama ni bure. Kwa majina ya .org na .com, msajili anapaswa kuwa na idhini ya ICANN, au awe wakala wa msajili mwenye idhini hiyo.

Wakala si mtu mbaya. Mafundi wengi wa tovuti, na hata baadhi ya saiba, huuza majina kwa niaba ya msajili mkubwa. Lakini kikundi kiulize jina la msajili huyo na kiliandike. Wakala akifunga duka, kikundi kitajua pa kubisha hodi.

Ishara nyingine za msajili wa kutegemewa ni hizi: ana nambari ya simu inayopokelewa na mtu, anatoa risiti yenye jina la kikundi na jina la tovuti, masharti yake yameandikwa na yanasomeka kabla ya malipo, na analipwa kwa nambari ya Paybill au Till iliyo kwa jina la kampuni, si kwa kutumiwa pesa kwenye simu ya mtu binafsi. Njia rahisi ya kumpima ni kumpigia simu kabla ya kununua na kumuuliza swali moja au mawili. Asiyepokea simu kwa mtu anayetaka kununua, hatapokea kwa mtu aliyepata shida.

Hesabu ya bei ni ya miaka, si ya siku moja

Wasajili wengi huvutia wateja kwa bei ya chini ya mwaka wa kwanza. Kinachojalisha ni bei ya kulipia upya. Tuseme msajili mmoja anatoza shilingi 300 mwaka wa kwanza na shilingi 2,000 kila mwaka unaofuata, na mwingine anatoza shilingi 1,200 kila mwaka bila kubadilisha. Kwa miaka mitano, wa kwanza atakuwa amechukua shilingi 8,300 na wa pili shilingi 6,000. Aliyeonekana rahisi ndiye ghali.

Kikundi kiulize pia kama bei iliyotajwa ina kodi ya VAT ndani yake, kama kuna ada ya kuhamisha jina, na kama kuna ada ya kulikomboa jina lililopitwa na muda. Anayelipa kwa dola akumbuke kwamba shilingi hupanda na kushuka, na kwamba msajili wa ng'ambo huenda asipokee M-Pesa. Kikundi kisicho na kadi ya benki kinaweza kujikuta kinategemea kadi ya mwanachama mmoja, na hapo tatizo la awali limerudi kwa mlango wa nyuma.

Jina na hifadhi ni huduma mbili

Kusajili jina ni sawa na kuandikisha ploti. Kuweka kurasa za tovuti kwenye kompyuta iliyo hewani saa zote ni sawa na kukodi nyumba. Kampuni moja inaweza kuuza huduma zote mbili, na mara nyingi huziuza kwa pamoja kwa bei ya kuvutia, hata kutangaza jina la bure.

Hakuna ubaya kununua pamoja, lakini kikundi kiulize: tukiacha kuhifadhi tovuti kwenu, je, jina linabaki letu, na tunaweza kulipeleka kwingine? Jibu la haki ni ndiyo. Jina linapohama hutumiwa msimbo wa siri wa uhamisho, ambao msajili hupaswa kumpa mwenye jina anapouomba. Kwa majina ya .org na .com, kanuni za ICANN zinamtaka msajili autoe ndani ya siku 5. Jina jipya la aina hiyo kwa kawaida haliwezi kuhamishwa katika siku 60 za kwanza. Msajili anayezungukazunguka kuhusu msimbo huo kabla hata hajalipwa amekwisha kujieleza.

Vilevile, kikundi kihakikishe kinaweza kubadilisha chenyewe mipangilio inayoonyesha jina linaelekea kompyuta gani. Hiyo ndiyo huwezesha kumwacha fundi mmoja na kwenda kwa mwingine bila kupoteza anwani.

Fomu ijazwe kwa jina la nani

Hapa ndipo vikundi vingi huponea au huangukia. Fomu ya usajili huwa na sehemu ya mwenye jina, na huweza pia kuwa na sehemu za msimamizi, fundi na mlipaji. Sehemu ya mwenye jina iandikwe jina la kikundi kama lilivyo kwenye cheti. Fundi aandikwe kwenye sehemu ya fundi tu.

Barua pepe ndiyo ufunguo wa kila kitu, kwa sababu mwenye barua pepe ndiye anayeweza kuomba nywila mpya. Kikundi kifungue barua pepe yake, ambayo viongozi wasiopungua wawili wanaweza kuifikia. Barua pepe hiyo isiwe ile inayotumia jina la tovuti lenyewe. Jina likisimamishwa, barua pepe yenye jina hilo nayo huzimika, na taarifa ya kulipokoa haitafika.

Taarifa za usajili huweza kuonekana na watu wengine. Kwa hiyo iandikwe simu na sanduku la posta la kikundi, si nambari ya kitambulisho wala boma la mwanachama. Sheria ya Kulinda Data ya mwaka 2019 inampa kila Mkenya haki ya kujua taarifa zake zinatumiwa vipi. Kikundi kinaweza kumuuliza msajili ni taarifa zipi zitaonyeshwa hadharani na zipi zitafichwa.

Muda ukiisha

Kusahau kulipa si kosa la wadogo peke yao. Desemba 1999, kampuni ya Microsoft ilisahau kulipia passport.com, jina lililotumiwa kuingia kwenye barua pepe za Hotmail. Wateja walikwama wakati wa Krismasi, hadi mtaalamu mmoja wa kompyuta wa Marekani, Michael Chaney, alipoamua kulipa dola 35 kutoka mfukoni mwake. Kikundi cha kijijini hakipaswi kungoja msamaria wa aina hiyo.

Jina lisipolipiwa, kwa kawaida hupitia hatua kadhaa. Kwanza tovuti na barua pepe huzimwa. Kisha hufuata muda ambao mwenyewe bado anaweza kulipa na kulirudisha, pengine kwa ada ya ziada. Mwishowe jina hufutwa, na mtu yeyote anaweza kulisajili. Kwa majina ya .org na .com, msajili anatakiwa kutuma vikumbusho takriban mwezi mmoja na wiki moja kabla ya muda kuisha, na baada ya jina kufutwa huwa kuna siku 30 za kulikomboa kwa gharama ya juu. Kwa majina ya .ke, kikundi kimwombe msajili aeleze kwa maandishi siku ngapi zinaruhusiwa katika kila hatua.

Wapo watu wanaovizia majina yaliyoachwa. Jina ambalo limetumiwa kwa miaka lina wasomaji tayari, na hilo ndilo wanalolitaka. Wengine huliuza tena kwa mwenyewe kwa bei ya kuumiza. Ikiwa pesa zipo, kulipia miaka miwili au mitatu kwa mkupuo huondoa wasiwasi. Ikiwa hazipo, tarehe ya mwisho iandikwe kwenye daftari la mweka hazina, na pesa zitengwe mwezi mmoja kabla, kama inavyofanywa kwa kodi ya ofisi.

Wezi na barua za uongo

Akaunti ya kikundi kwa msajili ilindwe kama kitabu cha hundi. Nywila isiwe jina la kikundi wala mwaka kilipoanzishwa, na isitumiwe kwingine. Msajili bora hutoa uthibitisho wa hatua mbili, ambapo baada ya nywila hutakiwa namba inayotumwa kwenye simu. Anapaswa pia kutoa kufuli ya uhamisho, inayozuia jina kuondolewa bila idhini. Viongozi wanapobadilika baada ya uchaguzi, nywila ibadilishwe siku hiyo hiyo, na nambari ya simu ya uthibitisho pia.

Kikundi kitapokea barua pepe zinazodai kwamba jina litafutwa leo ikiwa malipo hayatafanywa kupitia kiungo fulani. Nyingine huja na sura ya ankara halisi, lakini zimetoka kwa kampuni ambayo kikundi hakijawahi kuijua. Dawa yake ni moja: asilipwe mtu kupitia kiungo kilichotumwa. Mweka hazina afungue mwenyewe tovuti ya msajili, aingie kwenye akaunti, na aangalie tarehe. Kama tarehe bado, barua hiyo ni ya uongo.

Kama jina tayari liko mikononi mwa mtu

Vikundi vingine vitasoma haya vikiwa vimekwisha kuchelewa. Hatua ya kwanza ni kutafuta jina hilo kwenye huduma ya kuulizia majina, inayopatikana kwenye tovuti ya KeNIC kwa majina ya .ke. Hapo huonekana msajili ni nani na muda unaisha lini.

Hatua ya pili ni kuzungumza. Mara nyingi kijana aliyesajili hana nia mbaya. Hakuelezwa tu kwamba jina linapaswa kuwa la kikundi. Akiwa bado anapatikana, anaweza kuingia kwenye akaunti na kubadilisha jina la mmiliki na barua pepe kwa muda mfupi. Akiwa ameshapoteza nywila au hapatikani, kikundi kimwandikie msajili barua yenye nakala ya cheti, muhtasari wa mkutano uliotoa azimio, na risiti za malipo, kama zipo. Ndiyo maana risiti yenye jina la kikundi si karatasi ya kutupwa.

Hatua ya tatu, kama mtu amekataa kwa makusudi, ni kutumia utaratibu wa kutatua mizozo. KeNIC ina utaratibu wake kwa majina ya .ke, na ICANN ina wake kwa .org na .com. Njia hizo zina gharama na huchukua muda, kwa hiyo mazungumzo ya wazee yakiweza kumaliza jambo, yatangulie.

Azimio moja mkutanoni

Kazi yote iliyoelezwa hapa inaweza kufanywa kwa mkutano mmoja. Wanachama wakubaliane jina na mwisho wake. Wawateue viongozi wawili wa kuwasiliana na msajili, na wawalinganishe wasajili wasiopungua watatu kwa bei ya miaka mitano, idhini, simu inayopokelewa na uhuru wa kuhama. Katibu aandike katika muhtasari jina la tovuti, jina la msajili, barua pepe iliyotumiwa, tarehe ya mwisho na mahali nywila ilipohifadhiwa katika bahasha iliyofungwa.

Muhtasari huo ukisomwa kila mwaka katika mkutano mkuu, pamoja na taarifa ya fedha, hata viongozi wote wakibadilika, atakayeshika kiti atajua jina la kikundi liko wapi na ni lini la kulipiwa.